Chambo cha mbao cha kuchonga kwa mkono: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Nyanda za Juu Kusini

Maelezo haya ni kwa anayevua Ziwa Nyasa upande wa Kyela na Matema, bwawa la Mtera, Ziwa Rukwa, au vijito vya baridi vya Mufindi na Rungwe, na anataka kujichongea chambo badala ya kununua cha dukani. Pasipotajwa kipimo kingine, tunazungumzia chambo chenye urefu wa sentimita 9.

Chambo cha mbao humvutaje samaki, wakati hakina harufu wala nyama?

Kwa mwendo. Kikivutwa majini kinayumba kushoto na kulia, kinasukuma maji na kumetameta kama dagaa aliyejeruhiwa. Ndiyo maana kinafaa tu kwa samaki wanaowinda wenzao: mbasa wa Ziwa Nyasa, kambale, trauti wa vijito vya milimani, na yule mwenye mistari myeusi na meno ya nje wa mto Ruaha Mkuu, ambaye wataalamu humwita Hydrocynus. Perege hula zaidi mwani na vijidudu vya majini. Ukiwa unamtafuta perege, funga ukurasa huu uchimbe minyoo.

Nianze na mbao gani?

Msindano, yaani paini. Huku kwetu hakuna mti unaopatikana kirahisi zaidi; shamba la miti la Sao Hill pale Mufindi ndilo kubwa kuliko yote ya serikali, na Mafinga nzima inanuka utomvu wake. Kwenye mashine za kuchana mbao, zile dingidongi, kuna lundo la mabanzi na vipande vifupi ambavyo mwisho wake ni kuni. Kipande cha unene wa sentimita 2.5 na urefu wa kiganja na nusu kinatosha chambo kimoja au viwili.

Msindano mkavu una uzito wa karibu gramu 0.45 kwa kila sentimita moja ya ujazo, yaani chini kidogo ya nusu ya uzito wa maji. Hapo ni pazuri: unaelea vizuri, lakini si mwepesi kiasi cha kuhitaji risasi nyingi (ile metali ya kuongeza uzito) ndipo utulie. Chagua kipande kisicho na vifundo, chenye nyuzi zilizonyooka kutoka ncha hadi ncha, na chenye pete za ukuaji zilizobanana. Pete pana humaanisha mti uliokua haraka: sehemu laini huliwa na msasa na sehemu ngumu hubaki imeinuka, mwishowe mwili wa chambo una matuta ambayo rangi haiwezi kuyaficha.

Mwambangoma, mti uleule wa maua mekundu unaochongewa ngoma, ni mwepesi zaidi na huchongeka kama sabuni, ila haushiki skrubu. Ukiutumia, pitisha waya mwili mzima kama ilivyoelezwa chini. Mkuyu unafaa. Mparachichi pia unafaa, na Rungwe na Njombe matawi yanayopogolewa yapo tele, mradi uyakaushe mapema kabla wadudu hawajayatoboa. Mkaratusi ni mzito na hupasuka unapokauka. Mninga unapendeza macho lakini ni mzito na bei yake si ya kuchezea. Mwanzi uachie wagema wa ulanzi: una uwazi ndani, na unapasuka kwa urefu wake mara ndoana inapovutwa kwa nguvu.

Mbao niliyopewa mashineni ni mbichi. Naweza kuichonga hivyohivyo?

Kuchonga unaweza. Kupaka rangi usithubutu. Maji yaliyo ndani yatatafuta njia ya kutoka, na njia hiyo ni kupitia rangi yako.

Kata vipande vya sentimita 12 kwa 3 kwa 2.5, vipange kivulini penye upepo ukiweka vijiti katikati ili hewa ipite pande zote. Usivianike juani wala juu ya jiko: ngozi ya nje hukauka na kusinyaa kabla ya moyo wa mbao, ndipo nyufa zinatokea kwenye ncha. Pima kipande kimoja kwa mizani ndogo ya jikoni kila wiki na uandike uzito kwa penseli juu yake. Uzito ukikaa palepale vipimo viwili mfululizo, kimekauka. Kiangazi ni kazi ya wiki tatu hadi sita. Masika ya Tukuyu, au ukungu wa Mufindi, ni habari nyingine. Hapo vipandishe darini karibu na moshi wa jikoni vikishapungua uzito wa mwanzo.

Njia ya mkato ni kutumia mbao iliyokwisha kukauka: kitanda kilichovunjika, kreti la zamani, fremu ya dirisha. Angalia misumari kabla ya kupitisha msumeno.

Zana gani ni za lazima?

Kisu kikali chenye ubapa mfupi, msumeno wa chuma, plaizi yenye pua ndefu, tupa, na msasa wa namba 80, 120, 240 na 400. Keekee au drili ya mkono yenye biti za milimita 2 na 6 husaidia sana. Ukikosa, tundu dogo hutobolewa kwa msumari uliopashwa moto mpaka ukaiva. Jiriwa si lazima. Kitu ambacho watu hukidharau ni jiwe la kunolea: kisu butu hukufanya usukume kwa nguvu, na kisu kinachosukumwa kwa nguvu huishia kwenye kidole gumba.

Pesa yangu ni kidogo. Niitumie wapi?

Kwenye ndoana kwanza, kisha gundi ya mirija miwili (aralditi), kisha waya. Mirija ya mililita 15 kila mmoja hutosha vyambo saba hadi kumi, kwa kubandika na kufunika juu. Vingine vyote huokotwa au huombwa: mbao mashineni, CD mbovu kwa mdomo (kile kipande bapa kinachotokeza kidevuni mwa chambo), risasi kwa fundi matairi, karatasi ya fedha kwenye pakiti ya sigara, chandarua chakavu cha kuchorea magamba, rangi ya kucha iliyobaki nusu chupa. Usibane pesa kwenye ndoana. Ndoana laini hunyooka, samaki anaondoka, na kazi yote ya kuchonga inakuwa pambo la ukutani.

Hatua zenyewe zikoje, kwa mpangilio?

Mpangilio ndio unaowashinda wengi, kwa hiyo tunaueleza kwa kirefu.

Chora kigezo kwenye karatasi ngumu: urefu sentimita 9, kimo sentimita 2 pale penye kifua, karibu theluthi ya kwanza kutoka kichwani, kikipungua taratibu hadi milimita 7 mkiani. Piga randa au msasa kipande chako mpaka kiwe na unene wa milimita 14 na pembe zote ziwe mraba. Nakili kigezo ubavuni, kisha chora mstari wa katikati kuzunguka kipande chote: mgongoni, kichwani, tumboni, mkiani. Mstari huo usiufute mpaka mwisho, kwa sababu ndio pekee utakaokuonyesha kama upande mmoja umechongwa zaidi ya mwingine.

Sasa, kabla kisu hakijagusa mbao, kata nafasi zote. Mfuo wa mdomo ukatwe kidevuni kwa msumeno wa chuma, ukielekea juu na nyuma kwa nyuzi 45, kina cha milimita 8 hadi 10. Mfuo wa waya ukatwe tumboni, juu ya mstari wa katikati, kuanzia kichwani hadi mkiani, kina cha sentimita 1. Toboa tundu la risasi kwa biti ya milimita 6, tumboni, karibu sentimita 4 kutoka puani. Kazi hizi zinafanyika wakati kipande bado kina pembe za mraba kwa sababu ndipo msumeno na biti vinapokaa wima. Ukishaviringisha mwili, huna tena upande wa kuegemea, mdomo utakaa kombo kwa nyuzi mbili tatu tu, na nyuzi hizo chache zinatosha kukifanya chambo kiogelee ubavu.

Baada ya hapo fuata kigezo kwa msumeno na kisu. Punguza kwanza unene kuelekea kichwani na mkiani, kisha ondoa kona nne ili umbo liwe na pembe nane, kisha ondoa kona hizo nane. Anayekimbilia kuviringisha moja kwa moja hupoteza ulinganifu. Chonga ukifuata nyuzi, kutoka kifuani kwenda kwenye ncha, si kinyume. Msasa namba 80 hurekebisha umbo, 120 na 240 huondoa mikwaruzo. Kabla ya ule wa mwisho, lowanisha mwili kwa kitambaa chenye maji na uuache ukauke: nyuzi zilizolala zitainuka, nawe utazikata sasa badala ya kuzikuta zimesimama chini ya rangi.

Ziba mbao (tazama swali la kuziba), kisha kunja waya, jaribu uzito kwenye ndoo, bandika waya na risasi, jaza mfuo, piga msasa, paka rangi, bandika mdomo, funika mwili kwa aralditi. Ndoana hutiwa mwisho kabisa.

Waya gani, na unakunjwaje?

Waya wa chuma kisichoshika kutu wa milimita 0.8 hadi 1. Ukiupeleka kwenye sumaku utavutwa kidogo sana au hautavutwa. Waya wa kufungia nondo ni laini na unakula kutu upesi, usiutumie. Njiti ya baiskeli ina nguvu za kutosha, lakini kwa unene wake wa milimita 2 hivi inakataa kukunjwa vitanzi vidogo, na nyuzi za waya wa breki moja moja ni nyembamba mno. Waya wa mabati wa uzio, ule mwembamba, unaweza kutumika kwenye maji baridi ikiwa hukuukwaruza.

Zungusha waya kwenye msumari wa milimita 3, sokota mara mbili au tatu: hicho ni kitanzi cha pua. Ulaze ndani ya mfuo, ushushe kitanzi cha pili kitokeze tumboni nyuma tu ya tundu la risasi, kisha cha tatu mkiani. Waya mmoja toka pua hadi mkia maana yake ni kwamba hata mbao ikitafunwa vipande viwili, samaki bado amefungwa kwenye mshipi. Kwa samaki wa meno wa Ruaha hilo si anasa.

Kuhusu pete za kushikia ndoana: zungusha waya wa milimita 0.7 kwenye msumari wa milimita 4 kama springi, kisha kata mizunguko miwili miwili.

Mdomo nitengeneze kwa nini? CD kweli inafaa?

Inafaa vizuri. CD ina unene wa milimita 1.2 na plastiki yake ni ngumu, haioti ukungu wala haivunjiki ovyo ikishabandikwa. Kwarua upande wa fedha kwa kisu, bandika selotepu na uivute; tabaka litatoka nalo. Itumbukize kwenye maji ya moto dakika moja au mbili ndipo uikate kwa mkasi. Ukiikata ikiwa baridi inapasuka kuelekea katikati, na asubuhi za Makete au Uporoto mwezi wa Juni hiyo ni hakika.

Mdomo wa chambo chetu uwe na upana wa milimita 15 na utokeze milimita 15 nje ya kidevu, ncha ikiwa imeviringishwa. Mfuo wa msumeno ni mwembamba kidogo kuliko CD, upanue kwa msasa uliokunjwa. Kata mpasuo mwembamba katikati ya mdomo, upande unaoingia ndani, ili mdomo ukae juu ya waya.

Mdomo uliosimama, karibu wima, hukifanya chambo kitikisike kwa nguvu juujuu ya maji. Uliolala kuelekea mbele, sambamba na mwili, hukipeleka chini zaidi lakini mtikisiko unapungua. Nyuzi 45 ni katikati: kina cha mita moja hadi mbili kwa mwendo wa kasia. Mdomo mrefu zaidi si mdomo bora zaidi. Ukizidi nguvu ya uzito wa tumboni, chambo hupinduka.

Bati la aluminiamu la milimita 1 ni mbadala. Likigonga jiwe linapinda, unalinyoosha kwa plaizi.

Risasi kiasi gani?

Hesabu ipo. Kipande chako baada ya kuchongwa kina ujazo wa sentimita za ujazo 15 hivi, kwa hiyo maji yanakibeba kwa nguvu ya gramu 15. Mbao yenyewe ni karibu gramu 7. Waya, mdomo, ndoana mbili na rangi huongeza gramu 3 au 4. Kimebaki kama gramu 4 kabla hakijazama. Weka gramu 2 hadi 3 upate chambo kinachoelea na kutulia, au 5 upate kinachozama polepole. Tundu la milimita 6 hubeba gramu 3 za risasi kwa kila sentimita moja ya kina.

Lakini mbao hazilingani, kwa hiyo ndoo ndiyo hakimu. Vika mwili uliozibwa waya na ndoana, funga mdomo kwa selotepu, zungushia vipande vya risasi tumboni kwa mpira wa kufungia pesa, kisha weka majini. Unatafuta mgongo uliotokeza milimita 3 hadi 5, mwili ukiwa sawa au mkia umeshuka kidogo. Ukiulaza ubavu kwa kidole lazima uinuke wenyewe. Usipoinuka, risasi haitoshi au iko juu mno.

Risasi ya kusawazishia magurudumu hupatikana kwa mafundi matairi, ila siku hizi nyingine ni zinki au chuma. Risasi halisi inakatika kwa kisu na inaacha mstari wa kijivu kwenye karatasi.

Niiyeyushe na kuimimina?

Hapana. Inayeyuka kwa nyuzi joto 327. Ikikutana na mbao yenye unyevu kidogo, mvuke huirusha usoni, na hata isiporuka inaunguza kuta za tundu, kisha gundi haishiki. Kata vipande, vigongegonge viingie tunduni, funika na aralditi. Kamwe usitumie sufuria ya kupikia wala kupasua betri ya gari kutafuta risasi: ndani kuna asidi, na vumbi lake ni sumu kwa watoto hasa. Osha mikono kabla ya kula.

Kuziba mbao ni lazima, au rangi inatosha?

Tukilazimika kuchagua kati ya kuziba na kupaka rangi, tungechagua kuziba. Rangi hupasuka mara ya kwanza ndoana inapoigonga. Kama mbao chini yake ni kavu tupu, maji yanaingia, mbao inavimba, rangi inabanduka kwa vipande, uzito unabadilika na chambo kilichokuwa kikiogelea vizuri Jumamosi kinazunguka kama parafujo Jumapili. Vyambo vingi vya kuchonga huharibika hivi, na si kwa meno ya samaki.

Changanya vanishi na thina nusu kwa nusu kwenye chupa yenye mdomo mpana. Tumbukiza mwili mzima, pamoja na mifuo na matundu yake, mpaka mapovu yaishe. Dakika tano hadi kumi. Utundike ukauke siku nzima, piga msasa 240, rudia. Msindano wenye utomvu ufutwe kwanza kwa kitambaa chenye thina, la sivyo utomvu utapenya na kuacha madoa ya manjano. Nta ya mshumaa huziba pia, lakini hakuna rangi itakayoshika juu yake.

Ukitumia mafuta ya kitani, vitambaa ulivyofutia vitandaze nje vikauke. Vikikunjwa na kutupwa kwenye kona vinaweza kujipasha moto hadi kuwaka vyenyewe.

Rangi gani kwa maji gani?

Ziwa Nyasa ni angavu: mgongo wa bluu nyeusi au kijani kibichi kilichoiva, ubavu wa fedha, tumbo jeupe, yaani mfano wa usipa, dagaa wa ziwa hilo. Bandika karatasi ya fedha ya sigara ubavuni kwa vanishi mbichi, uisugue kwa mgongo wa kijiko mpaka mikunjo ilale. Rukwa ni kina kifupi na maji mazito. Mtera nayo hutibuka mvua zikianza kuleta tope. Hapo kivuli kinaonekana kuliko mng'ao: nyeusi, rangi ya chungwa, au kijani cha ndimu.

Kwa magamba, vuta chandarua chakavu kwenye mwili, kibane kwa vibanio vya nguo, na upulize rangi nyepesi juu yake. Jicho litengenezwe kwa kichwa cha msumari kilichochovywa rangi: nyeupe kubwa, kisha nyeusi ndogo. Wavuvi wengi huamini kwamba jicho linamfanya samaki ashambulie kichwani. Vyovyote iwavyo, halina gharama.

Kwa nini rangi yangu imekunjamana kama ngozi ya maziwa?

Umepaka chenye kiyeyushi kikali juu ya rangi ya mafuta ambayo haijakomaa. Rangi ya kucha au ya kopo la kupuliza juu ya rangi ya mafuta ya juzi huiinua. Kinyume chake hakina shida. Ama tumia jamii moja ya rangi toka mwanzo, ama subiri rangi ya mafuta wiki mbili. Na rangi ya kucha isiguse mdomo wa CD: itaufanya uwe na ukungu na nyufa ndogondogo. Supa gluu nayo huacha ukungu mweupe juu yake, ndiyo sababu tunabandika mdomo kwa aralditi.

Gundi ya juu imebaki inanata wiki nzima. Tatizo ni nini?

Mara nyingi ni mojawapo ya mawili: hukuchanganya sawa kwa sawa, au hukuchanganya vya kutosha. Koroga dakika mbili kamili ukikwangua pembeni na chini. Sababu ya tatu ni baridi. Chini ya nyuzi joto 10 aralditi karibu inalala. Usiku wa Njombe mwezi wa Julai huwezi kuitegemea. Weka mirija kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu kabla ya kutumia, na kitundike chambo chumba chenye jiko lililokwisha kupika. Joto huilegeza pia, kwa hiyo mapovu hutoka yenyewe.

Chagua ile inayokauka polepole kwa kufunika. Ya dakika tano hugeuka manjano mapema. Mililita 2 zinatosha mwili mzima. Geuza chambo kichwa juu, mkia juu, kila dakika chache kwa saa ya kwanza, au matone yatajikusanya upande mmoja na kuharibu uzani uliouhangaikia.

Ndoana za pande tatu ni ghali. Nifanyeje?

Weka moja ya kawaida, kubwa kidogo, mkiani tu, na uache tumbo bila. Inanasa mimea na mawe kidogo, na samaki mdogo hurudishwa majini bila kuchanika. Kumbuka kwamba namba ikipanda ndoana inapungua: namba 8 ni ndogo kuliko namba 6. Kama utabadilisha idadi ya ndoana baada ya kujaribu uzito, rudi kwenye ndoo.

Chambo kinaenda upande mmoja.

Kishike pua ikikutazama, kama kinavyokujia kikivutwa. Kikikimbilia kushoto kwako, pinda kitanzi cha pua kidogo sana kuelekea kulia kwako. Kulia, pinda kushoto. Kidogo maana yake ni kiasi ambacho jicho halikioni vizuri. Jaribu, pinda tena. Mfereji wa umwagiliaji, kama ile ya Mbarali, ni mahali pazuri pa kurekebishia: shikilia mshipi, maji yatafanya kazi ya kuvuta nawe utatazama kwa utulivu.

Kinazunguka mzimamzima. Risasi haitoshi, au mdomo ni mkubwa, au uko kombo. Punguza mdomo kwa tupa, milimita moja kila mara, kabla ya kugusa kitu kingine.

Hakitikisiki kabisa. Kwanza angalia fundo lako. Fundo lililobanwa kwenye kitanzi hukamata pua. Funga fundo lenye kitanzi huru. Ikishindikana, risasi imezidi au mdomo ni mdogo.

Sina fimbo wala mashine ya kuvutia. Naweza kukitumia?

Ndiyo. Zungusha mita 50 za nailoni ya milimita 0.35 hadi 0.40 kwenye kopo la maziwa au chupa. Ukiwa kwenye mtumbwi, achia mita 20 hadi 30 nyuma na upige kasia kwa mwendo wa kawaida; mshipi upite kwenye vidole ili usikie mtikisiko. Ukiacha kuusikia, kuna jani limenasa. Usiufunge mguuni wala kiganjani. Ukiwa ufukweni, elekeza mdomo wa kopo mbele, zungusha chambo kwa mkono mwingine na ukiachie; nailoni itachomoka yenyewe. Hakikisha hakuna mtu nyuma yako. Mtera usisimame majini: mamba na viboko wapo.

Kwa samaki wa meno, tanguliza sentimita 20 za waya mwembamba kati ya nailoni na chambo.

Kwa trauti nipunguze vipimo?

Sentimita 4 hadi 5, ndoana moja, mdomo milimita 7. Kwa udogo huo risasi ni chini ya gramu moja, kwa hiyo tumia mbao nzito kidogo badala ya kutoboa tundu.

Nahitaji leseni?

Uvuvi unaongozwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake. Muone ofisa uvuvi wa halmashauri yako au BMU (kikundi cha usimamizi wa fukwe) ya mwalo wako kabla ya kwenda, uulize na maeneo na miezi iliyofungwa. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha usipeleke mshipi. Na kuhusu mbasa: masika hupanda mito kama Kiwira, Mbaka na Lufilyo kutaga. Kumvua mlangoni mwa mto akiwa na mayai ni kujikatia kitoweo cha miaka ijayo. Mtafute ziwani kiangazi, anapofukuza usipa.

Nikitunzeje?

Kisuuze, kifute, kitundike kikauke kabla ya kukirudisha kwenye kopo. Usikichanganye na vyambo laini vya plastiki, maana hutoa mafuta yanayolainisha rangi. Rangi ikipasuka hadi kwenye mbao, acha kutumia chambo siku hiyo. Kikaushe siku mbili tatu, weka tone la vanishi au supa gluu kwenye jeraha, kisha rangi. Ndoana zenye kutu badilisha tu, pete zinafunguka kwa ncha ya kisu.